Choo cha mboji cha nje: namna ya kukichagua, kukijenga na kukitumia bila harufu

Choo cha kwanza kisicho na maji nilichowahi kutumia kilikuwa kibanda cha mbao nyuma ya nyumba ya watu, na kila nikiingia mle nilikuwa nabana pumzi kama mtu anayepiga mbizi. Nikaondoka nimeapa sitaki kusikia tena habari za vyoo vya mboji. Miaka imepita, saivi ninacho changu nje, watu wanakaa hatua tano kutoka mlangoni wanapiga stori na hamna anayeshtuka, na nikikikumbuka kile cha kwanza naona kabisa shida ilikuwa wapi. Kilikuwa kimelowa. Mkojo, maji ya kuchambia, mvua iliyokuwa inavuja pembeni ya bati, vyote vilikuwa vinaishia shimo moja na hakuna mtu aliyekuwa anafunika kitu.

Kwahiyo kabla hujaita fundi na kabla hujahesabu tofali, jibu maswali mawili: mkojo utaenda wapi, na utakuwa unafunikia nini, tena hicho cha kufunikia utakipata wapi mwaka mzima. Wengi wanaanza na jengo, wanahangaika na mlango na rangi, habari ya maranda wanakuja kuiwaza choo kikishaanza kunuka.

Kinachotokea mle ndani

Kinyesi kina nitrojeni nyingi na kaboni kidogo, uwiano wake ni kama 5 mpaka 10 za kaboni kwa 1 ya nitrojeni. Vijidudu vinavyoozesha vinafanya kazi vizuri ukiwa kwenye 25 mpaka 30 kwa 1. Vumbi la mbao lina mia kadhaa kwa 1, ndo maana kopo la maranda linafanya kazi tatu kwa mpigo: linaongeza kaboni, linanyonya unyevu, alafu linaacha vinafasi vya hewa kupita. Bila hewa vinaingia vijidudu vya aina nyingine, vile vinavyotoa harufu ya mayai viza.

Mkojo wenyewe uko chini ya 1 kwa 1, yaani ni nitrojeni tupu ikiogelea kwenye maji. Angalia na hesabu hii: mtu mzima mmoja kwa mwaka anatoa takriban lita 50 za kinyesi na lita 500 za mkojo. Familia ya watu watano ni lita 250 za kinyesi, ambazo zinaenea kwenye dramu moja na kidogo, na lita 2500 za mkojo. Ukiziachia zote ziingie chemba moja, hapo unatengeneza supu, mboji sahau. Unyevu unaotakiwa ni asilimia 50 mpaka 60 hivi, ukiminya konzi mkononi iwe kama kitambaa ulichokikamua vizuri, kimelowa lakini hakidondoshi.

Kuna kitu kimoja kinachanganya sana watu, ni majivu. Majivu hayaozeshi, yanakausha. Yanapandisha pH, yaani kipimo cha asidi na alkali, na chokaa vilevile, sasa kwenye pH kubwa vimelea vya magonjwa vinapata tabu lakini na vile vinavyoozesha vinapata tabu hiyohiyo. Kwahiyo kuna choo cha kuozesha, unafunika kwa maranda, majani makavu yaliyosagika, pumba za mpunga, na kuna choo cha kukausha, unafunika kwa majivu au udongo mkavu wenye chokaa. Vyote vizuri, ila ujue unatumia kipi, maana mtu anamwaga majivu mwaka mzima alafu anafungua anategemea udongo mweusi laini, anakuta unga wa kijivu wenye mabonge, anadhani ameharibu. Hajaharibu kitu, ndivyo kinavyotoka.

Kuchagua aina

Rahisi kuliko zote ni shimo fupi la kuhama, wanaita arboloo, mtindo uliotokea Zimbabwe. Unachimba mita 1 mpaka 1.5 tu, unaweka pete ya zege juu na kislabu chepesi na kibanda ambacho watu wawili wanaweza kukibeba. Kila ukienda haja unatupia udongo, majivu na majani. Likifika robo tatu unahamisha kibanda, unafukia kwa udongo mzuri kama sentimita 15 au zaidi, unapanda mti juu yake. Hapa hamna kuchota wala kugusa chochote. Shida yake ni eneo, baada ya muda unakuwa na miti mingi na pa kuhamia hamna, alafu haifai kabisa mahali ambapo maji ya chini ya ardhi yako karibu.

Ndugu yake ni mashimo mawili ya kupokezana, nayo mafupi hivyohivyo. Unatumia moja kama mwaka, unalifunika, unahamia la pili, la pili likijaa la kwanza limeshageuka udongo, unalichota unarudi. Mashimo ni yaleyale miaka na miaka.

Halafu kuna chemba mbili juu ya ardhi zenye kutenganisha mkojo, wengine wanaita ekosani. Vietnam walianza kueneza choo cha chemba mbili tangu miaka ya 1950. Hii ndo mi nayo, na kwa familia inayokaa sehemu moja muda mrefu ndo ningekushauri. Inajengwa juu, kwahiyo hata kama chini kuna mwamba au maji yako karibu unaweza kuijenga. Gharama iko juu kuliko shimo, na unapanda ngazi, kama kuna mzee au mtu mwenye shida ya magoti nyumbani waza mapema kushikilia wapi na ngazi ziwe fupi kiasi gani.

Kwa mtu wa kupanga, au kibanda cha shambani, au mnaanza tu mjaribu, ndoo inatosha. Ndoo ya lita 20 ndani ya boksi la mbao lenye kiti, pembeni ndoo nyingine ya maranda. Mtu mmoja anaijaza kwa wiki moja hivi. Ikijaa unaimwaga kwenye boksi la mboji nje, unaifunika kwa nyasi nyingi kavu, unaosha ndoo, maji ya kuoshea unayamwaga hukohuko kwenye boksi. Inafanya kazi vizuri kuliko watu wanavyodhani, ila inataka mtu ambaye HAACHI. Ndoo iliyosahaulika siku tatu imejaa, hiyo sitaki hata kuieleza.

Mwisho kuna matenki ya kununua, yenye sakafu ya mteremko, kinyesi kinaingia juu, mboji inatoka chini taratibu. Wazo lenyewe la zamani, Rikard Lindström wa Uswidi alitengeneza la kwake mwaka 1939. Siku hizi yapo mpaka yenye feni na hita. Ni mazuri, ni ghali, na yanataka bomba la kutolea maji yanayojikusanya chini. Kama unalitaka la namna hiyo, uliza idadi ya watu *wanaokitumia kila siku*, maana namba inayoandikwa kwenye boksi mara nyingi ni ya matumizi ya hapa na pale, na ukizidisha watu litalowa.

Kabla hujaamua, uliza pia sheria za eneo lako, kuna sehemu choo kikavu kinataka kibali na sehemu nyingine hakiruhusiwi kabisa.

Kujenga (hapa nazungumzia cha chemba mbili)

Mahali kwanza. Kaa mita 30 au zaidi kutoka kisima chochote, cha kwako au cha jirani. Kama ni aina za kuchimba, kitako cha shimo kiwe juu ya maji ya ardhini kwa mita 1.5 mpaka 2, na upime msimu wa mvua, kiangazi kinakudanganya. Chagua sehemu iliyoinuka, na usikipeleke mbali mno, choo kilicho mbali usiku watu hawakiendei, wanaishia ukutani.

Ukubwa wa chemba: rudi kwenye ile hesabu ya watu watano, lita 250 za kinyesi kwa mwaka, ongeza kiasi kama hichohicho cha kufunikia, unapata nusu mita ya ujazo. Kinashuka chenyewe kadri kinavyooza lakini usijenge kwa kubana, mita 1 kwa mita 1 na kimo cha sentimita 80 inakupa mwaka mzima na nafasi ya wageni. Zinakuwa mbili zinazobanana, na ukuta wa katikati upigwe plasta pande zote mbili, maana ukivuja unyevu wa chemba mpya unaenda kwenye ile unayoikomaza.

Sakafu iwe zege, iinuke sentimita 10 au 15 juu ya ardhi ili maji ya mvua yasiingie, na mfereji mdogo kuzunguka. Nyuma kila chemba inakuwa na kijimlango cha kuchotea. Kielekeze upande wenye jua, weka bati lililopakwa rangi nyeusi, joto linasaidia kukausha, alafu kizibe kwa udongo wa mfinyanzi au mota dhaifu yenye simenti kidogo, maana siku moja utakibomoa.

Bomba la hewa usilifanyie ubahili. Inchi 4 ndo kiwango cha chini, inchi 6 ni bora, liende moja kwa moja bila kona na lipite paa kwa nusu mita. Upepo ukipita juu unavuta hewa kutoka ndani, kwahiyo ukikaa chooni hewa inashuka kwenye tundu badala ya kupanda. Ukitaka kupima, shika kijiti cha ubani au karatasi inayofuka moshi juu ya tundu, moshi ukiinama chini bomba linafanya kazi. Kwenye mdomo wa juu funga wavu mgumu wa alumini au chuma kisichoshika kutu. Nzi wanafuata mwanga, wanapanda bombani wanakwama kwenye wavu wanafia hapo. Wavu wa kawaida wa chuma unaliwa na gesi, unakuja kugundua umetoboka siku nzi wamejaa.

Kiti cha kutenganisha kina sehemu mbili, ya mbele kwa mkojo na ya nyuma kwa haja kubwa. Bomba la mkojo liwe la plastiki, chuma kitaliwa, lishuke sentimita 4 kwa kila mita, na lisiwe na kona kali maana chumvi za mkojo zinaganda kwenye kona. Kama linaenda kwenye dumu, mpira ufike mpaka chini kabisa ya dumu na mdomo uzibwe kuzunguka mpira, hapo harufu haipandi na nitrojeni haipotei hewani.

Kwa wanaochamba kwa maji, na ni wengi, hili ndo la kusimamia kwa macho yako. Maji ya kuchambia yanataka tundu lake la tatu, lenye bomba lake, linaloenda kwenye kitanda cha changarawe chenye mimea inayopenda maji. Mi nilimweleza fundi, akaitikia, nikaondoka, akaona bomba la pembeni linapoteza muda akalichomeka ndani ya chemba. Hakuniambia. Wiki ya pili nikafungua mfuniko asubuhi na tochi nikaona kile kilima kinatembea, yaani juu yote ni funza, weupe, wanapishana, na pembeni kidimbwi cha maji ya kahawia. Nilichofanya ni kufunga choo siku nne, kukata lile bomba, kumwaga magunia mawili ya maranda na majani makavu na kuchanganya kwa uma wa shamba wenye mpini mrefu mpaka unyevu wote ukanywewa, alafu nikaweka tabaka kavu juu la kiganja kizima. Harufu iliisha siku ya pili. Funza walichukua kama wiki.

Siku ya kwanza na kila siku

Usianze kwenye zege tupu. Tandika sentimita 10 mpaka 20 za maranda au majani makavu chini, ndo godoro la kunyonya. Ile chemba ya pili ziba tundu lake kabisa, ikiwezekana weka chungu cha maua juu, la sivyo kuna mtu atalitumia.

Ukimaliza haja, karatasi ya chooni inaruhusiwa kuingia. Mwaga kopo moja au mawili ya maranda mpaka usione kitu chochote chini, hicho ndo kipimo, usihesabu vijiko. Shusha mfuniko. Nawa kwa sabuni, weka kibuyu chirizi au ndoo ya bomba palepale mlangoni, ikiwa ndani ya nyumba mtu anasahau njiani.

Ndoo ya maranda isikutwe tupu hata siku moja. Hii ndo sheria kubwa kuliko zote nyumbani kwangu, anayefika chini ya robo anajaza, kwa sababu mtu akikuta tupu hataenda kutafuta, ataondoka, na anayemfuata ataona kwamba kumbe si lazima. Ndani ya siku mbili choo kimerudi kuwa kile cha mbizi.

Maranda yenyewe yatoke kwenye mbao za kawaida. Ya mbao zilizowekwa dawa, plaiwudi, au zile mbao za unga na gundi usiyachukue, sumu yake itaishia kwenye udongo wako. Na yasiwe unga mtupu, unga mkavu sana unashikana unakuwa kama kofia, maji hayapiti. Changanya na majani.

Kila baada ya wiki kile kilima kilichojijenga chini ya tundu kisukume pembeni kwa fimbo, fimbo hiyo ikae mlemle isitoke. Usipofanya hivyo chemba inaonekana imejaa wakati pembeni kote kutupu.

Wanaume wakae. Hakuna namna nyingine, ukisimama mkojo unaenda unakotaka wenyewe. Ukiona ubishani utakuwa mrefu, weka sehemu ya kukojolea pembeni, dumu na faneli lenye mpira wa baluni uliokatwa kama vali, kazi kwisha. Watoto nao ile sehemu ya nyuma hawaifikii, watengenezee kiti kidogo cha kuwekea juu. Wageni waandikie karatasi mlangoni, mistari mitatu isizidi, hakuna anayesoma insha akiwa amebanwa.

Mle ndani hairuhusiwi: pedi, nepi, plastiki, vichungi vya sigara, maji ya kudekia, na dawa za kuulia vijidudu, maana hizo zinaua na wafanyakazi wako. Kiti kifute kwa kitambaa kilicholowa na siki kidogo.

Kikianza kusumbua

Pua inakwambia mengi. Harufu inayochoma macho ni amonia, mkojo unaingia au kaboni ni ndogo, ongeza maranda na uangalie kama kiti kimeziba. Harufu ya mayai viza maana yake kumelowa na hewa haipiti, hapo kuongeza juu hakutoshi, lazima uchanganye na vitu vikavu vyenye umbo, vijiti vidogo, majani makubwa. Nzi wakizidi angalia wavu, mfuniko, na kama watu wanafunika kweli. Lundo likiwa halishuki hata kidogo miezi na miezi na ukiligusa ni kavu kama biskuti, limekauka mno, lirushie maji kikombe kimoja kimoja, ila hiyo ni kwa choo cha kuozesha tu, cha majivu usikiguse. Bomba la mkojo likianza kupitisha polepole mwaga siki, iache usiku, asubuhi suuza kwa maji ya moto.

Kukomaza na kuchota

Chemba ikijaa mwaga tabaka nene la mwisho, ziba tundu, andika tarehe ukutani kwa rangi. Tarehe ya kuhesabu ni ya mtu wa mwisho kuitumia, na mtu mmoja akiingia kwa kosa unaanza upya, naongea nikiwa serious.

Kinachotuogopesha hapo ni mayai ya minyoo, hasa ile mirefu ya tumboni, yana gamba gumu na yanaweza kuishi miezi mingi hata zaidi ya mwaka kwenye udongo wenye unyevu. Lundo likipata nyuzi 55 kwa siku kadhaa yanakufa haraka, lakini chemba ndogo ya nyumbani kwa kawaida haifiki joto hilo, hata uambiwe nini. Kwahiyo tunategemea muda. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2006 unasema sehemu za baridi, nyuzi 2 mpaka 20, hifadhi mwaka 1.5 mpaka 2, sehemu za nyuzi 20 mpaka 35 zaidi ya mwaka 1, na kama ni cha majivu au chokaa chenye pH zaidi ya 9, zaidi ya miezi 6. Mi hata cha majivu ningekipa mwaka, hakuna kinachonikimbiza.

Mkojo ni habari nyepesi. Ukitoka kwenye familia yenyewe na unatumika kwa mimea ya familia hauhitaji kuhifadhiwa, ila acha mwezi mmoja kati ya kumwagilia mara ya mwisho na kuvuna. Ukikusanywa kwa watu wengi, weka kwenye madumu yaliyofungwa miezi 6 kwenye nyuzi 20 au zaidi. Changanya sehemu 1 ya mkojo na 3 mpaka 10 za maji, mwaga kwenye kijifereji pembeni ya mmea alafu fukia, usimwagie majani yataungua.

Siku ya kuchota vaa gambuti, glavu na nguo utakazozifua peke yake, na koleo liwe la kazi hiyo tu. Bomoa kijimlango taratibu, acha hewa ipite nusu saa, ndo uchote. Kikiwa tayari kinafanana na udongo wa chini ya mti mkubwa, mweusi, unamomonyoka, harufu ya mvua ya kwanza, na utakutana na maranda machache yasiyooza na lazima, nakuhakikishia, kijiko au kachezeo ka mtoto. Kichimbie chini ya miti na maua, ukifunike kwa udongo, mboga za kula mbichi na mizizi kama karoti usiziwekee. Ukikuta bado kuna mabonge yenye harufu, au karatasi inasomeka kabisa, usilazimishe, rudisha kijimlango, kizibe, futa ile tarehe ukutani uandike nyingine ya miezi mitatu mbele.